Foronya ya kwanza

Kila Januari mimi hununua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza naandika mwaka, napiga mstari chini yake kwa rula, kisha naorodhesha: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kusoma kurasa ishirini kwa siku, kuweka akiba kabla ya kutumia, kupunguza simu, kumpigia mama kila Ijumaa. Ninayo madaftari sita ya namna hii kwenye sanduku chini ya kitanda. Juzi niliyatoa yote nikayapanga sakafuni kama mtu anayepanga karata. Mwenzangu, orodha ni ile ile. Kilichobadilika ni rangi ya jalada.

Na nikiri mapema kwamba sikukosa hamasa. Hamasa ninayo mpaka ya kugawa. Vitabu vya kubadili maisha nimesoma, vingine mara mbili. Simu yangu imejaa klipu za watu waliovaa suti wanaotembea jukwaani huku na huko wakiniambia niamke, nipambane, nisilale. Nazisikiliza nikiwa nimelala.

Kwa hiyo sitaki kuuliza mtu atapata wapi hamasa. Siku hizi hamasa ni kama maji ya masika, imejaa kila mahali, shida ni chombo cha kuikinga. Ninachotaka kuuliza ni kwa nini wengine hubadilika wakabaki wamebadilika, na wengine, mimi nikiwemo, hubadilika mpaka Februari. Jibu, kwa sehemu yake kubwa, lilikuwa nyumbani kwetu Tanga, kibarazani, nyuma ya cherehani. Kwa miaka mitatu nilikataa kulitazama.

*

Kaka yangu ni fundi cherehani. Amenizidi miaka tisa. Ana mkono, hilo hata waliomchukia hawakulikataa: akishachora kitambaa kwa chaki, harudii. Lakini kwa muda mrefu mtaani walimwita Fundi Kesho. Ukienda kuchukua nguo yako, jibu lilikuwa moja, njoo kesho. Ukienda hiyo kesho, unaambiwa kesho. Na mara nyingine kesho yenyewe haikufika kabisa, kwa sababu kitambaa kilishauzwa na pesa yake ilishageuka mnazi.

Alikuwa mlevi. Alikunywa malipo ya awali ya wateja. Akanywa vitenge vyao. Akanywa pasi ya mkaa aliyoiacha marehemu baba. Na mwaka niliokuwa kidato cha pili, alikunywa ada yangu. Mama alikuwa amekwenda msibani Muheza, akamwachia elfu thelathini aipeleke shuleni, ada pamoja na michango. Alirudi usiku akiimba. Asubuhi ya pili nilisimamishwa mstarini pamoja na wengine wasiolipa, tukarudishwa nyumbani. Nilikaa wiki saba mpaka mama alipopata pesa nyingine. Niliporudi darasani, wenzangu walishavuka mambo ambayo mimi sikuyakamata tena. Mpaka leo ukiniuliza habari za logarithimu, nitakuonyesha kaka yangu.

Nayasema haya ili ujue kwamba kinyongo changu hakikuwa cha bure.

Miaka minne iliyopita, akaacha. Usiku mmoja alianguka mtaroni, akalala humo humo. Alfajiri watoto wa madrasa wakapita, na mmoja wao alikuwa mwanawe. Mtoto hakulia wala hakumwamsha baba yake. Alivuka akapita upande wa pili wa barabara, kama vile hamjui. Kaka alikuwa ameshaamka. Alimwona.

Kama unatafuta kisa cha hamasa, hapo unaweza kukomea. Kina aibu, kina mtoto, kina alfajiri. Ndivyo visa hivi vinavyosimuliwa: mtu alifika chini kabisa, akaona mwanga, akabadilika, makofi. Lakini mimi naijua hesabu ya mama. Kabla ya hapo kaka aliwahi kuacha mara nne, na mara zote kwa aibu kubwa. Mara moja baada ya kupigwa mbele ya watu. Mara moja baada ya kumwona mama analia. Kila mara aibu ilimwachisha, na kila mara baada ya wiki tatu au nne alirudi kule kule. Aibu inajua kumwachisha mtu. Kumshikilia ni kazi nyingine.

Safari ya tano kilichokuwa tofauti ni foronya.

*

Alipoacha, alisafisha cherehani yake, akaitia mafuta, akaiweka kibarazani, akakaa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Watu walipita na vitambaa vyao kwapani, wakamsalimia vizuri tu, wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Huwezi kuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na pale mtaani hapakuwa na nyumba ambayo hakuiuma. Zikapita siku kumi na moja. Hebu fikiria: mtu ameacha pombe, mikono inamtetemeka, na hana la kuifanyia hiyo mikono. Mchana wa mtu asiyekunywa na asiye na kazi ni mrefu sana.

Siku ya kumi na mbili akaja jirani yetu, yule mama anayeuza vitumbua, na foronya iliyofumuka mshono. Foronya kuukuu, imefuliwa mpaka maua yake yamefifia. Akamwambia, "Nishonee hii, nitaifuata jioni." Akaenda zake.

Jioni akaikuta iko tayari, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akalipa. Wiki iliyofuata akaleta foronya mbili. Kisha kaptura ya shule ya mjukuu wake. Kisha, baada ya kama miezi miwili, akaleta kitenge, doti nzima, cha kwendea harusini. Huko harusini mwanamke mwingine akamuuliza, "Kakushonea nani?"

Mwaka jana nilimuuliza yule mama, tukiwa tumekaa jikoni kwake, kama siku ile alimwamini kaka yangu. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Nimwamini nani, mwanangu? Ningemwamini ningempa kitenge. Nilimpa foronya."

*

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko vitabu vyangu vyote vya kujiendeleza, na nadhani ndani yake mna falsafa nzima. Acha nijaribu kuifungua.

Anza na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno hamasa, lenye asili ya Kiarabu, neno la jazba na ushujaa, neno la watu wanaokwenda vitani. Lakini tunapozungumza kwa upole, tunasema kumtia mtu moyo. Moyo unatiwa, na anayeutia ni mwingine. Sasa jaribu kuligeuza tendo hilo likurudie mwenyewe. Kujipa moyo tunasema, lakini isikilize inavyotumika: "Alikuwa anajipa moyo tu." Yaani mgonjwa alijua hali ni mbaya. Na kujitia? Fulani anajitia mjuzi, fulani anajitia hajasikia. Kujitia ni kujifanya. Sisemi sarufi ni sheria ya maisha. Nasema waliotuachia lugha hii walikuwa na wasiwasi na mtu anayejaza moyo wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Mimi na madaftari yangu sita tulikuwa kwenye biashara hiyo hasa.

Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliweka jambo hili kwa njia nyingine katika kitabu chake cha maadili. Anasema tabia njema hatuzaliwi nayo, wala hatuipati kwa kuielewa tu. Tunaipata kwa kuitenda, kama fundi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda mambo ya uadilifu. Anaonyesha pia kwamba katika lugha yake neno la tabia na neno la mazoea yanakaribiana mno, limepindwa kidogo tu. Wazee wetu walifika hapo hapo kwa maneno matatu: muungwana ni kitendo.

Nakubaliana naye. Lakini baada ya foronya naona kuna kitu alikipita haraka. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, sawa, ila matofali ni ya nani? Kuna aliyempa kazi. Uaminifu ndio kabisa. Ujasiri mtu anaweza kuufanyia mazoezi peke yake, labda, akipita makaburini usiku. Lakini uaminifu huwezi kuujifunza chumbani. Ili uwe mwaminifu lazima uwe umeshika kitu cha mtu. Kaka yangu katika zile siku kumi na moja alikuwa na nia, alikuwa na majuto, alikuwa na picha ya mwanawe akivuka barabara. Alichokosa ni kitambaa cha mtu. Hakuwa na kitu cha kurudisha, basi asingeweza kuwa mtu anayerudisha.

Na hapa ndipo suala la kubadilika linapoacha kuwa la mtu binafsi na kuwa la kimaadili kwetu sote. Kama mabadiliko yanahitaji mazoezi, na mazoezi yanahitaji mwingine atoe kitu, basi sisi tunaomzunguka mtu tuna sehemu katika kubadilika kwake, tupende tusipende. Kumnyima kila kitu pia ni kutenda.

*

Kuna kisa cha Marekani ambacho wengi wamekisikia nusu. Mwezi Mei 1935, mtu mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alikwama katika mji wa Akron, Ohio. Dili la biashara lililompeleka huko lilikuwa limevunjika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli. Upande mmoja palikuwa na baa, vicheko vinasikika. Upande mwingine palikuwa na simu. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia viongozi wa makanisa ya mji ule, akiuliza kama kuna mlevi yeyote wanayemjua ambaye anaweza kuzungumza naye.

Ona alichoomba. Hakutafuta wa kumhubiria. Miezi ile yote nyuma alikuwa amejaribu kuwasaidia walevi wengine na hata mmoja hakuacha, lakini yeye mwenyewe alikuwa amesalia mkavu. Alishaelewa kwamba yeye ndiye mhitaji. Simu zile zikamfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi wa miaka mingi, ambaye alikubali kumpa robo saa tu. Wakazungumza kwa masaa.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ndiyo ninayoipenda. Smith hakubadilika jioni ile. Aliacha, kisha baada ya wiki chache akasafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akanywa huko, akarudi hoi. Wilson wakati huo alikuwa akiishi nyumbani kwa akina Smith. Hakufunga mizigo yake. Alibaki, akasaidia kumwinua. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa mpaka leo kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ambacho kimeenea duniani. Chama hicho hakikuanzishwa na hotuba. Kilianzishwa na watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na haja ya kumwona mwenzake kesho yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tunasema. Kweli. Lakini mhunzi ambaye koleo limevunjika anahitaji mtu wa kumwazima jingine.

Huku kwetu Afrika Mashariki mfano unaotajwa kila mtu akitaka kutia watu moyo ni mzee Kimani Maruge wa Kenya. Elimu ya msingi ilifanywa bure nchini humo mwaka 2003, na mwaka 2004, akiwa na miaka 84, akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Picha yake tunaijua: kaptura, soksi ndefu, mfuko wa madaftari, mzee katikati ya watoto. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusemea elimu bure. Alifariki mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu ya maisha yake ikatoka.

Kwa kawaida kisa hiki kinamalizikia kwa maneno "hujachelewa." Ni kweli, hajachelewa mtu, na methali ya samaki mkunje angali mbichi ilipata mpinzani wake. Lakini mimi siku hizi nikiiangalia picha ile naangalia dawati. Palikuwa na wazazi waliolalamika, wakisema nafasi ni ya watoto. Kuna mtu aliyesema ndiyo, akae. Maruge alikuwa na hamasa ya kusoma kwa miongo mingi, na miaka hiyo yote haikumfikisha kwenye herufi A. Ilipokutana na dawati ndipo ikawa elimu. Tunamsifu kwa moyo wake, na anastahili. Ila tukisifu moyo peke yake tunajipunguzia kazi, maana moyo ni wake, na dawati lingekuwa letu kulitoa.

*

Najua unachotaka kuniambia, kwa sababu nilijiambia mwenyewe kwa miaka mitatu. Eti sasa aliyeumizwa ndiye abebe mzigo wa kumtengeneza aliyemuumiza? Mwanamke aliyepigwa ampe nafasi aliyempiga? Mtu akikuibia mara tano, umfungulie mlango mara ya sita ili afanye mazoezi ya kutokuiba?

Hapana. Na ndiyo maana nasema falsafa iko kwenye foronya. Yule mama hakusamehe chochote, maana hata yeye alishapoteza kitambaa kwa kaka yangu miaka ya nyuma na hajawahi kusema amekisahau. Hakumwamini, alilisema waziwazi. Alichofanya ni kupima. Alitafuta kitu kidogo kiasi kwamba kikipotea halali njaa, lakini kikubwa kiasi kwamba kikirudi kitaonekana kimerudi. Kisha akaenda jioni kuangalia.

Huwa tunachanganya mambo matatu. Kusamehe ni jambo la moyo wa aliyekosewa, na hana anayeweza kumlazimisha. Kuamini kunafuata ushahidi, na bila ushahidi ni uzembe. Kutoa nafasi ni jambo la tatu, dogo kuliko yote mawili, na linawezekana hata pale ambapo mawili ya kwanza hayajafika. Tunalikataa kwa sababu tunadhani tukilitoa tumeshatoa yote. Tunadhani foronya ni kitenge.

Na si lazima atoe yule aliyeumia zaidi. Wako ambao mlango wao una haki ya kubaki umefungwa, na wengine wanahitaji kufuli kabisa. Ndio maana mtaa una nyumba nyingi. Kosa ni pale nyumba zote zinapofungwa siku moja, kisha jioni tunakaa barazani tukisema: mlimwona? Nilijua atarudi tu. La kuvunda halina ubani. Tunakuwa mashahidi wa utabiri ambao tulisaidia kuutimiza.

*

Sasa nirudi kwangu, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya Aristotle.

Idi ya kwanza baada ya kaka kuacha, nilikwenda nyumbani wiki mbili kabla. Alinifuata uani akiwa na tepu shingoni. Akasema, "Mdogo wangu, lete kitambaa nikushonee kanzu." Nikamwambia nimeshanunua ya dukani. Nilikuwa sijanunua. Nilinunua kesho yake, kwa haraka, na ilinibana mabegani siku nzima ya Idi. Yeye aliona inavyonibana, fundi anaona, na hakusema neno.

Idi ya pili akaniuliza tena. Nikamwambia hivyo hivyo.

Wakati ule ule, uelewe, nilikuwa nasoma kitabu juu ya namna watu wanavyobadilika. Nilikuwa nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nawatumia marafiki klipu za mtu wa mbali aliyetoka gerezani akawa mwalimu, na naandika chini, "Inawezekana!" Na mtu aliyetoka mtaroni akawa fundi alikuwa amesimama mbele yangu na tepu shingoni, nami namdanganya habari ya kanzu.

Nimejiuliza kwa nini. Ada ni sababu, lakini si yote. Nadhani nilikuwa nimezoea yeye kuwa vile. Katika familia yetu mimi nilikuwa yule aliyefanikiwa, na aliyefanikiwa anahitaji mtu wa kufanikiwa kumzidi. Kama kaka ameacha pombe bila kitabu, bila klipu, bila daftari la malengo, basi mimi na madaftari yangu ni nini? Kumwita Fundi Kesho kulinisaidia nisijitazame. Mwenye kesho nyingi kwenye nyumba ile alikuwa mimi.

Idi ya tatu, mwaka jana, hakuniuliza.

Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Dar es Salaam, akaendelea kushona. Oda zilikuwa zimejaa. Alikuwa na kijana wa kumsaidia kukata. Mwanawe alikuwa amekaa chini akitia vifungo. Nilisimama pale kibarazani nikingoja aniulize ili nipate kukataa, na hakuniuliza. Ndipo nikaelewa kwamba kubadilika kwake kumekamilika bila mimi. Hakuanguka kwa sababu nilimnyima, Mungu ashukuriwe, wapo wengine waliotoa. Aliyepungukiwa ni mimi. Siku ile ndipo nilipokwenda jikoni kwa yule mama kumuuliza.

Mwaka huu nilipeleka kitambaa. Nilikaa kwenye foleni kama wengine, baada ya wanamke wawili na mzee mmoja. Zamu yangu ilipofika alikipokea, akakipitisha kidole gumba, akasema, "Kizuri." Akanipima mabega, mikono, urefu, akaandika kwenye daftari lake, daftari ambalo limechakaa kwa kutumika, si kama yangu. Nikamuuliza niifuate lini.

Akanyanyua uso. "Njoo kesho."

Wale wanawake wakaangua kicheko, na yeye akacheka kabla yao. Mimi nilichelewa kucheka. Kwa nukta moja nilikuwa tena kidato cha pili, nimesimama mstarini. Siwezi kukudanganya kwamba imekwisha. Kanzu ilikuwa tayari siku mbili kabla ya Idi, maana foleni ni foleni, na mabegani ilikaa kama ilivyotakiwa kukaa. Ada hatukuizungumza. Labda ipo siku.

Lakini nilipokuwa natoka aliniita. Akasema bila kuinua macho kwenye cherehani: "Ijumaa baada ya sala mama huwa anakaa na simu mapajani. Hasemi, lakini anakaa nayo."

Hayo tu. Hakunikaripia, hakunitia hamasa yoyote. Alinipa kitu kidogo cha kurudisha, na nilijua atakuwepo pale pale kibarazani kuona kama kimerudi. Kumpigia mama kila Ijumaa kumo kwenye madaftari yote sita, namba tano kwenye orodha. Tangu siku ile sijaikosa Ijumaa hata moja. Mengine kwenye orodha bado yananishinda, na saa kumi na moja alfajiri bado nalala.

Sanduku la madaftari nimelirudisha chini ya kitanda. Januari ijayo sina hakika kama nitanunua jingine. Nikinunua, sitaanza na malengo. Nitaanza kwa kuandika majina mawili matatu ya watu ambao nimezoea kuwaita kwa majina yao ya zamani, na mbele ya kila jina nitatafuta foronya yake. Kwa wengine huenda nisiipate. Wewe je, ni nani anapita mbele ya nyumba yako na mikono mitupu, na kabatini kwako kuna nini kilichofumuka?